Lincoln na Agosti ya 1864: Uzito wa Kutorudi Nyuma

Kila inapozungumzwa habari ya Abraham Lincoln na utumwa, mazungumzo huishia tarehe 1 Januari 1863, siku alipotia saini Tangazo la Ukombozi. Wanaomsifu huitaja siku hiyo kuwa ndiyo aliyowakomboa watu weusi wa Marekani. Wanaomkosoa huisoma hati yenyewe mstari kwa mstari na kuonyesha kwamba haikumgusa mtumwa hata mmoja katika majimbo ya watumwa yaliyobaki upande wa serikali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini. Pande zote mbili zina hoja, na ubishi wao umedumu kwa vizazi. Kwa maoni yangu umedumu kwa sababu unaupima uamuzi ambao haukuwa na uzito mkubwa zaidi. Tangazo lile lilikuwa amri ya kijeshi ambayo rais yuleyule, au mwingine aliyemfuata, angeweza kuiacha ife kimyakimya. Uamuzi ulioipa uhai ulifanyika zaidi ya mwaka mmoja na nusu baadaye, katika wiki chache za Agosti 1864, pale watu waliokuwa wakisimamia kampeni yake mwenyewe walipomtaka aiondoe habari ya utumwa katika masharti ya amani, naye, baada ya kuyumba, akakataa.

Ugumu wa kukataa huko hauonekani mpaka tukumbuke alikoanzia. Lincoln alichaguliwa Novemba 1860 kwa takriban asilimia 40 ya kura, katika uchaguzi wa wagombea wanne, na katika majimbo mengi ya Kusini hakuwa na karatasi ya kura kabisa. Kabla hajaapishwa tarehe 4 Machi 1861, majimbo saba yalikuwa yamekwisha kujitenga na kuunda Shirikisho lao chini ya Jefferson Davis. Chama chake cha Republican kilikuwa kimeahidi kuuzuia utumwa usienee katika maeneo mapya ya magharibi, na hakikuahidi kuufuta pale ulipokuwepo. Katika hotuba ya kuapishwa alilirudia jambo hilo bila kificho: hana nia ya kuuingilia utumwa katika majimbo uliko, na anaamini hana haki ya kisheria ya kufanya hivyo. Msomaji wa leo huona aibu kwa niaba yake. Lakini Katiba ya wakati ule iliuacha utumwa mikononi mwa kila jimbo, na mwaka 1857 Mahakama ya Juu, katika hukumu ya kesi ya Dred Scott iliyoandikwa na Jaji Mkuu Roger Taney, ilikuwa imekwenda mbali zaidi kwa kutamka kwamba mtu mwenye asili ya Afrika hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba Bunge halina mamlaka ya kuuzuia utumwa hata katika maeneo hayo mapya. Taney huyohuyo ndiye aliyemwapisha Lincoln.

Vita vilipoanza, wakili huyu mwenye kuheshimu mipaka alionyesha kwamba anajua pia kuivuka. Aliamua kupeleka chakula kwa askari waliozingirwa katika ngome ya Fort Sumter, akamwarifu mapema gavana wa South Carolina, na hivyo akawaachia watu wa Kusini wachague kama wao ndio watakaofyatua mzinga wa kwanza. Wakaufyatua alfajiri ya tarehe 12 Aprili 1861. Siku tatu baadaye aliita wanamgambo 75,000, kisha akatangaza kuzifunga bandari za Kusini kwa manowari, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amewaruhusu makamanda wasimamishe haki ya mtu aliyekamatwa kufikishwa mbele ya hakimu katika eneo la kati ya Philadelphia na Washington. Bunge halikuwa likiketi. Taney aliandika kwamba mamlaka hayo ni ya Bunge peke yake, Lincoln akaupuuza uamuzi huo, na Julai akawauliza wabunge kama ni sawa sheria zote zivunjwe na serikali isambaratike ili tu sheria moja isiguswe. Hoja hiyo naiona ya hatari, na watawala wengi waliokuja baadaye wametumia mfano wake kwa nia mbaya kuliko yake. Kwa mada yetu inatosha kusema kwamba mtu aliyeweza kutenda kwanza na kuomba idhini baadaye hakuwa akizuiwa na sheria peke yake kuugusa utumwa mwaka huo.

Kilichomzuia zaidi kilikuwa ramani. Majimbo manne ya watumwa, yaani Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri, hayakuwa yamejitenga. Maryland iliuzunguka mji mkuu karibu pande zote, na Kentucky ilikaa juu ya mto Ohio, njia kuu ya kuingilia magharibi. Tarehe 30 Agosti 1861 Jenerali John Frémont alitangaza kwamba watumwa wa waasi wa Missouri wako huru. Lincoln alimwomba kwa upole aibadilishe amri hiyo, Frémont akakataa, rais akaibadilisha mwenyewe. Alimwandikia rafiki yake Orville Browning kwamba kuipoteza Kentucky ni karibu sawa na kupoteza kila kitu. Mei 1862 alifanya vivyo hivyo kwa Jenerali David Hunter, aliyekuwa amewatangaza huru watumwa wa South Carolina, Georgia na Florida, ila safari hii aliongeza maneno ambayo wengi hawakuyatilia maanani: swali la kama Amiri Jeshi Mkuu anaweza kuwaacha huru watumwa wa jimbo lolote, na kama hatua hiyo imekuwa ya lazima kwa kuinusuru serikali, ni swali analolihifadhi yeye mwenyewe. Mtu asiyekusudia kulitumia panga hana haja ya kutangaza kwamba liko kiunoni.

Wakati huo watumwa wenyewe hawakuwa wakimsubiri. Mei 1861 wanaume watatu, Frank Baker, James Townsend na Shepard Mallory, waliokuwa wakifanyishwa kazi ya kujenga ngome za waasi huko Virginia, walivuka usiku wakaingia Fort Monroe, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la serikali. Ofisa wa Kusini alipokuja kuwadai kwa mujibu wa sheria ya watumwa watoro, Jenerali Benjamin Butler, naye wakili, alimjibu kwamba Virginia inadai kuwa nchi ya kigeni na kwa hiyo haiwezi kudai haki chini ya sheria za Marekani; na kwa kuwa wao wenyewe wanawaita watu hao mali, na mali hiyo inatumika kujenga ngome za adui, yeye ameitwaa kama mali nyingine yoyote ya vita. Hoja ilikuwa ya kejeli, maana iliwaokoa watu kwa kukubali kwamba ni vitu. Hata hivyo ilifungua mlango. Ndani ya miezi michache mamia walikuwa wamefika, Bunge likapitisha Agosti 1861 sheria ya kutwaa watumwa waliotumiwa katika shughuli za uasi, na kila kikosi kilichosonga mbele kikajikuta kimezungukwa na familia zilizokimbia mashamba. Kabla rais hajaamua, ukweli ulikuwa umekwisha kubadilika chini ya miguu yake, na ni kwa haki kwamba mwaka 1864 alimwandikia Albert Hodges wa Kentucky kuwa hadai kuyaongoza matukio, bali anakiri kwamba matukio ndiyo yaliyomwongoza.

Njia aliyoipenda yeye ilikuwa fidia. Machi 1862 aliliomba Bunge liahidi kuyasaidia kwa fedha majimbo yatakayoufuta utumwa hatua kwa hatua, akampigia hesabu Seneta James McDougall: watumwa wote wa majimbo manne ya mpakani na wa mji mkuu, 432,622 kwa sensa ya 1860, wakilipiwa dola 400 kila mmoja, wangegharimu pungufu ya matumizi ya siku 87 za vita. Aprili mwaka huo utumwa ulifutwa katika mji wa Washington na mabwana wakalipwa hadi wastani wa dola 300 kwa kichwa. Wasomaji wa pwani yetu wanaujua mfano wa karibu zaidi, maana amri aliyoitoa Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar Aprili 1897, kwa shinikizo la Waingereza, ilikuwa na sura hiyohiyo: bwana alilipwa fidia, mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya amri mpaka mwaka 1909. Katika mipango yote miwili hesabu ilipigwa kutoka upande wa mwenye mali, na aliyefanya kazi bila ujira maisha yake yote hakuwekewa hata senti. Tofauti ni kwamba Zanzibar mabwana hawakuwa na uwezo wa kukataa, na Kentucky walikuwa nao. Tarehe 12 Julai 1862 Lincoln aliwaita wabunge wa majimbo ya mpakani, akawaonya kwamba vita vikiendelea utumwa utakwisha kwa kusagika tu na wao watabaki mikono mitupu. Wengi wao wakakataa.

Siku iliyofuata, ndani ya gari la farasi wakielekea mazishini, aliwaambia mawaziri wawili, William Seward na Gideon Welles, kwamba amefikia hatua ya kuona kuwakomboa watumwa wa waasi ni lazima ya kivita. Tarehe 22 Julai aliisoma rasimu mbele ya Baraza la Mawaziri. Seward hakuipinga, ila alishauri ingojee ushindi wa kijeshi, kwa kuwa jeshi lilikuwa limeshindwa mbele ya Richmond, mji mkuu wa waasi, na dunia ingeliona tangazo hilo kuwa kilio cha serikali inayozama. Rasimu ikawekwa kando kwa miezi miwili.

Miezi hiyo miwili ndiyo inayomchafua zaidi. Tarehe 14 Agosti aliwaalika Ikulu wawakilishi wa watu weusi walio huru, akawaambia kwamba pasingekuwa na watu weusi pasingekuwa na vita, na kwamba ni heri jamii hizo mbili zitengane, watu weusi wahamie Amerika ya Kati. Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa mwandishi na msemaji mkubwa kuliko wote katika harakati hizo, alimjibu kwa hasira gazetini mwake, na hasira hiyo ilikuwa ya haki. Wako wanaosema Lincoln alikuwa akiwaandaa wazungu wa Kaskazini kwa jambo alilokwisha kuliamua, na huenda hilo lina ukweli ndani yake. Lakini mpango wa kuwahamisha watu ulikuwa wa kweli, kwani mwaka 1863 watu wapatao 450 walipelekwa kisiwa cha Île-à-Vache, Haiti, wengi wakafa kwa maradhi na njaa, na mwaka uliofuata serikali ikalazimika kupeleka meli kuwarudisha waliosalia. Barua yake maarufu kwa Horace Greeley, mhariri wa gazeti la New York Tribune, ya tarehe 22 Agosti, isemayo kwamba lengo lake kuu ni kuuokoa Muungano wa majimbo yote ya Marekani na si kuuokoa wala kuuangamiza utumwa, iliandikwa rasimu ikiwa tayari dawatini. Ilikuwa barua ya mwanasiasa, na haifai kunukuliwa kama ungamo la moyo.

Ushindi, kama unaweza kuitwa hivyo, ulipatikana Antietam tarehe 17 Septemba, siku ambayo watu wapatao 23,000 wa pande zote mbili waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Siku tano baadaye Lincoln alitangaza kwamba watumwa wa jimbo litakalokuwa bado linaasi tarehe 1 Januari watakuwa huru, na siku ilipofika akatimiza. Hati hiyo ni kavu kama hati ya shamba. Inayataja majimbo, inaziacha nje wilaya za Virginia na Louisiana zilizokuwa chini ya jeshi la serikali, haiitaji Tennessee kabisa, na inajiegemeza juu ya mamlaka ya Amiri Jeshi Mkuu. Ukavu huo ulikuwa wa makusudi, kwa sababu katika mahakama iliyoongozwa na Taney kila neno lisilohusu lazima ya kivita lingekuwa tundu la kuipenyea. Waziri wa Fedha Salmon Chase alipomtaka mwaka 1863 alipanue tangazo hadi maeneo yaliyoachwa, Lincoln alimuuliza kwamba akifanya hivyo bila sababu ya kivita, kwa kuwa tu yeye anaona ni jambo jema, atakuwa na msingi gani wa Katiba au sheria, na ni nini kitamzuia asifanye lolote lingine analoliona jema. Ni yuleyule aliyempuuza Jaji Mkuu mwaka 1861, na sijui kama mambo hayo mawili yanapatana.

Sentensi yenye uzito zaidi katika hati ile iko karibu na mwisho, na haizungumzii uhuru: inasema watu waliokombolewa watapokelewa katika jeshi. Kufikia mwisho wa vita askari weusi wapatao 180,000 walikuwa wamehudumu katika jeshi la nchi kavu, na maelfu wengine katika jeshi la majini, wengi wao wakiwa watumwa wa jana. Serikali haikuwatendea haki. Walilipwa dola 10 kwa mwezi na kukatwa 3 za mavazi, ilhali mzungu alilipwa 13, na Bunge halikusawazisha mpaka Juni 1864. Lakini kuandikishwa kwao kulibadilisha aina ya deni. Tangazo lingeweza kutanguliwa na tangazo jingine. Ahadi aliyopewa mtu mwenye bunduki, aliyekwisha kumwaga damu huko Port Hudson na Fort Wagner kwa sababu ya ahadi hiyo, si rahisi kuifuta. Lincoln aliliona hilo mapema. Katika barua ya Agosti 1863 kwa James Conkling, iliyoandikwa ili isomwe mbele ya mkutano wa hadhara huko Springfield, aliwaambia wapinzani wake kwamba watu weusi, kama watu wengine, hutenda kwa sababu. Wakihatarisha maisha yao kwa ajili yetu lazima wasukumwe na sababu kubwa kuliko zote, yaani ahadi ya uhuru, na ahadi ikishatolewa lazima itimizwe.

Bei ya kuitimiza ilianza kulipwa muda si mrefu. Shirikisho la Kusini lilikataa kuwahesabu askari weusi waliotekwa kuwa mateka wa vita, likawaona kuwa watumwa walioasi. Serikali ya Lincoln ilijibu kwamba bila kuwajumuisha hakuna kubadilishana mateka, na mfumo wa kubadilishana ukasimama. Makamanda walikuwa na sababu yao nyingine pia, kwani Kusini ilikuwa na upungufu mkubwa wa askari na kila mateka aliyerudishwa alirudi vitani. Vyovyote iwavyo, askari wazungu wa Kaskazini waliendelea kufungwa Andersonville, Georgia, ambako karibu 13,000 walikufa, na familia zao zilijua kwamba sharti hilo ni moja ya sababu.

Katika hali hiyo ndipo ikaja Agosti 1864. Tangu Mei, Jenerali Ulysses Grant alikuwa akimsukuma Robert Lee, jenerali wa Kusini, kuelekea Richmond, na katika wiki sita alikuwa amepoteza zaidi ya watu 50,000, waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa, kisha akakwama mbele ya Petersburg. William Sherman alikuwa amekwama mbele ya Atlanta. Julai kikosi cha Kusini kilifika hadi kwenye ngome za Washington yenyewe. Tarehe 18 Julai Lincoln aliita askari wengine 500,000, na siku hiyohiyo akaandika barua fupi kwa wajumbe wa Kusini waliokuwa Niagara, upande wa Kanada, wakidai kutafuta amani: pendekezo lolote litakalokubali amani, Muungano mzima na kuachwa kwa utumwa litapokelewa. Barua ikachapishwa, na magazeti ya chama cha upinzani cha Democratic yakapata walichokuwa wakikitafuta. Sasa waliweza kuwaambia wazazi wa askari kwamba watoto wao hawafi tena kwa ajili ya Muungano, wanakufa kwa ajili ya watu weusi.

Henry Raymond, mwenyekiti wa kamati ya taifa ya chama cha Lincoln na mhariri wa gazeti la New York Times, alimwandikia tarehe 22 Agosti kwamba uchaguzi umekwisha kuwaponyoka, na akataja sababu mbili: jeshi halishindi, na wananchi wanaamini kuwa amani haiwezekani chini ya rais huyu mpaka utumwa uachwe. Ushauri wake ulikuwa kwamba apelekwe mjumbe kwa Davis na ombi la amani lenye sharti moja tu, kuikubali mamlaka ya Katiba, na mengine yote yaachwe yajadiliwe baadaye. Davis angekataa, Raymond alikuwa na hakika, na kukataa kwake kungewarudisha wapiga kura. Kama mbinu ya uchaguzi, ushauri huo ulikuwa na akili.

Lincoln alivutiwa nao, na hatuna sababu ya kulificha. Katika rasimu ya barua kwa Charles Robinson, mhariri wa Democratic huko Wisconsin aliyeunga mkono vita, aliandika kwanza kwamba kuwarudisha utumwani watu waliotumikia kwa sababu ya ahadi yetu ni usaliti usioweza kuepuka laana ya mbinguni wala ya mtu yeyote mwema, na kwamba hata kisiasa kungeuangamiza Muungano. Kisha akamalizia kwa kusema kwamba kama Jefferson Davis anataka kujua angefanya nini akiletewa amani na Muungano bila kutajwa utumwa, basi amjaribu. Hiyo sentensi ya mwisho ilikuwa mlango wa nyuma. Tarehe 19 Agosti alimwonyesha Douglass barua hiyo na kumuuliza kama aipeleke. Douglass alimsihi asiipeleke, kwa kuwa ingesomwa kama kujiondoa kabisa katika vita dhidi ya utumwa. Haikupelekwa. Siku hiyohiyo, kwa mujibu wa kumbukumbu za mmoja wa wageni waliofika kutoka Wisconsin, Lincoln alisema kwamba wapo waliomshauri awarudishe utumwani wapiganaji weusi wa Port Hudson na Olustee, na kwamba akifanya hivyo atastahili kulaaniwa duniani na milele. Aliongeza hoja ya kijeshi: waondoeni watu hao katika vituo wanavyovishika, na tutalazimika kuviacha vita katika wiki tatu.

Hoja hizo mbili hazipaswi kutenganishwa. Wasomaji wanaompenda Lincoln huchukua ile ya laana, wasiompenda huchukua ile ya wiki tatu, lakini nguvu ya msimamo wake ilitokana na kwamba heshima na haja zilikuwa zimefungwa pamoja, na aliyezifunga pamoja ni askari mweusi mwenyewe kwa kujiandikisha. Mwaka 1861 haki ilisema waachwe huru na haja ya Kentucky ikasema bado. Mwaka 1864 zote mbili zilisema jambo moja, na kilichobaki upande wa pili kilikuwa kura.

Tarehe 23 Agosti aliandika karatasi fupi, akaikunja na kuwataka mawaziri watie saini kwa nyuma bila kuisoma. Ndani yake alisema inaelekea sana serikali hii haitachaguliwa tena, na kwamba wajibu wake utakuwa kushirikiana na rais mteule kuuokoa Muungano kabla huyo hajaapishwa, kwa kuwa atakuwa ameshinda kwa misingi isiyomwezesha kuuokoa baadaye. Kesho yake aliandika rasimu ya maagizo ya kumtuma Raymond mwenyewe kwa Davis, kwa masharti yaleyale Raymond aliyoyapendekeza. Raymond alipofika Ikulu tarehe 25, rais pamoja na mawaziri wake wakuu walimweleza kwamba kupeleka ujumbe huo kungekuwa kubaya kuliko kushindwa uchaguzi, kwa maana kungekuwa kuusalimisha kabla haujafanyika. Raymond akakubali, na maagizo yakabaki kuwa rasimu. Ni muhimu kukumbuka kwamba siku hiyo hakuna aliyejua habari ya Atlanta. Mji huo ulianguka tarehe 2 Septemba, siku mbili tu baada ya mkutano mkuu wa Democratic mjini Chicago kuviita vita kuwa vimeshindwa na kumteua Jenerali George McClellan, na Novemba Lincoln akashinda kwa asilimia 55 ya kura, huku zaidi ya robo tatu ya kura za askari zilizohesabiwa kando zikimwendea yeye. Tukiusoma uamuzi wa Agosti kwa mwanga wa Novemba utaonekana rahisi. Aliyeufanya aliamini kwamba anaulipia kwa urais wake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Marekebisho ya 13 ya Katiba, ya kuufuta utumwa nchini kote, yaliyokuwa yamekosa theluthi mbili za Baraza la Wawakilishi Juni 1864, yalipita tarehe 31 Januari 1865 kwa kura 119 dhidi ya 56, kwa shinikizo la rais ambaye angeweza kungoja Bunge jipya lenye wingi wa chama chake. Hakutaka kungoja, kwa sababu alijua amri yake ya kivita inaweza kuhojiwa siku amani itakaporudi. Katika ujumbe wake wa Desemba kwa Bunge alikuwa amesema kwamba wananchi wakiifanya kuwa kazi ya rais kuwarudisha watu hao utumwani, watafute mtu mwingine wa kuifanya.

Na bado, siku chache baada ya kura hiyo, aliporudi kutoka mkutano wa Hampton Roads na wajumbe wa Kusini, aliliwekea Baraza la Mawaziri pendekezo la kuyalipa majimbo ya watumwa dola milioni 400 kama yangeacha vita kufikia tarehe 1 Aprili na kuyaridhia Marekebisho. Mawaziri wote walilipinga, naye akaliacha. Wengine huona hapo udhaifu. Mimi naona mtu yuleyule wa 1862, aliyepiga hesabu ya siku za vita dhidi ya bei ya watumwa na kuona kwamba damu ni ghali zaidi. Tofauti ni kwamba safari hii fedha ilikuwa ya kununua amani, na uhuru haukuwa tena sehemu ya mapatano.

Jimbo lililomfanya asite zaidi ndilo lililokuwa la mwisho kulegea. Bunge la Kentucky liliyakataa Marekebisho Februari 1865, na pamoja na Delaware iliendelea kuwashika watumwa mpaka Marekebisho yalipokamilika kuridhiwa na majimbo ya kutosha tarehe 6 Desemba mwaka huo, miezi minane baada ya Lincoln kuuawa. Lakini huko Kentucky nako utumwa ulikuwa umekwisha kutobolewa kutoka ndani. Wanaume weusi zaidi ya 23,000 wa jimbo hilo walijiandikisha jeshini, wengi katika kambi ya Camp Nelson, wakifuatwa na wake na watoto wao, ambao kisheria walibaki mali ya mabwana zao. Novemba 1864, wiki chache baada ya ushindi wa Lincoln, kamanda wa kambi aliwafukuza wanawake na watoto wapatao 400 katika baridi kali na kuvibomoa vibanda vyao. Wapatao 100 walikufa. Habari hiyo ilifika magazetini na bungeni Washington, na tarehe 3 Machi 1865 Lincoln alitia saini sheria iliyowafanya huru wake na watoto wa kila askari mweusi, bila kujali jimbo wala uaminifu wa bwana, na bila fidia.